UKIMWI, Ukimwi au ukimwi? Njia tatu za kuandika vifupisho vyetu na ipi ikufae wewe

Mi kazi yangu ni kuchapa. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, mtu analeta karatasi ya mkono, katiba ya kikundi, barua ya kuomba kazi, muhtasari wa kikao, risala ya kumsomea mgeni rasmi, nachapa, naprinti, anaondoka. Na katika yote yanayonisimamisha vidole juu ya kibodi hakuna linalorudi kila wiki kama hili la herufi kubwa na ndogo kwenye vifupisho. Karatasi moja hiyohiyo mstari wa kwanza kaandika UKIMWI, mstari wa sita Ukimwi, ukurasa wa pili ukimwi, nikiuliza mama nichape ipi naambiwa we ndo unajua kijana, weka ile sahihi.

Ile sahihi ndo ipi sasa. Nimeliwaza sana hili na jibu langu ni kwamba zote tatu zinaandikwa na watu wanaojua Kiswahili vizuri tu, ila kila moja ina mahali inapokaa vizuri na mahali inapokuvuruga, kwa hiyo nimeona niziweke pamoja ujichagulie.

Kwanza tutoe yale yasiyo na mjadala

Kifupisho kinachosomwa herufi mojamoja kinabaki herufi kubwa zote, basi. CCM, TRA, KRA, VVU. Hakuna anayeandika Ccm, na ukikuta "vvu" katikati ya sentensi unadhani kidole kimeteleza.

Vipimo navyo havina hiari. Kilo ni kg, kilomita ni km, na ukibadili ukubwa wa herufi unakuwa umebadili kitu chenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni la MW 2,115, megawati hizo, sasa ukiandika mW kwa m ndogo umesema miliwati, na miliwati 2,115 ni wati mbili na chenji, hata taa ya sebuleni haitoki hapo. Kwenye intaneti ndo watu wanaumia zaidi, Mb ni megabiti na MB ni megabaiti, baiti moja ina biti 8, kwa hiyo aliyekuunganishia 20 Mbps amekupa kama MB 2.5 kwa sekunde na wala hajakuibia, nimeshaona mtu akigombana na fundi nusu saa nzima na ugomvi wenyewe ni wa herufi b.

Halafu kuna taasisi zilizojichagulia umbo, kama mamlaka ya barabara kuu ya Kenya, KeNHA, e ndogo imekaa pale kwa sababu Ke ni Kenya. Jina la mtu unaliandika kama mwenyewe anavyoliandika.

Kinachobaki ni vile vifupisho vinavyotamkika kama neno, na Kiswahili kinavyo vingi mno kwa sababu silabi zetu zinaishia na vokali, ukikata vipande vya kila neno ukaviunganisha vinatamkika vyenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, likatupa BAKITA. Upungufu wa Kinga Mwilini ukatupa UKIMWI. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikatupa TAKUKURU. Hivi ndo vyenye njia tatu.

Nitakachoangalia

Mambo manne, yaleyale kwa kila njia. La kwanza kusomeka, yaani msomaji anapita bila kukwama? La pili maana, je neno linaweza kudhaniwa ni neno lingine? Kwangu hili ndo zito kuliko yote. La tatu usahihi, ofisini, darasani na gazetini watalipokeaje? La nne namna linavyokaa ndani ya sentensi, maana Kiswahili kinapenda kubandika viambishi mbele ya kila kitu na kifupisho lazima kikubali kubandikwa. Baada ya hapo nasema linamfaa nani.

Njia ya kwanza: herufi kubwa zote (UKIMWI, TAKUKURU, BAKITA)

Kusomeka. Kifupisho kinaonekana toka mbali. Mtu anayepekua ripoti ya kurasa 40 akitafuta TAKUKURU imetajwa wapi, jicho linatua lenyewe. Shida ni zikizidi. Aya yenye TAMISEMI, TAKUKURU, TASAF na MKUKUTA ndani ya mistari mitatu inakuwa kama watu wanne wanapiga kelele chumba kimoja, unasoma ukiwa umekunja uso.

Maana. Hapa hakuna njia inayoifikia. Angalia vifupisho ambavyo kwa bahati ni maneno kamili ya Kiswahili: Kenya wana KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na kura unaipiga kwenye uchaguzi. Wana KAA, mamlaka ya viwanja vya ndege, na kaa ni wa baharini, au la moto, au kaa hapo kwenye benchi. Sisi tuna TAA, viwanja vya ndege vilevile, na taa ya ukutani, na taa yule samaki bapa. Tuna chuo cha uhasibu TIA na kuna tia chumvi. Andika "Kura imefunga barabara" uone, msomaji anatafuta uchaguzi gani huo. "KURA imefunga barabara" anajua mara moja ni watu wa lami. Tulikuwa pia na SUMATRA, wale wa usafiri wa nchi kavu na majini kabla LATRA haijachukua upande wa nchi kavu 2019, na Sumatra kisiwa kipo Indonesia kinaendelea na maisha yake. Sentensi kama "meli imezuiwa na Sumatra" unaweza kuisoma ukafikiri meli imegonga kisiwa.

Kingine, herufi kubwa zinamkumbusha msomaji kwamba nyuma kuna maneno mengi yamekunjwa. Enzi UKIMWI ulipokuwa ugonjwa mpya kwetu, wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa Kagera 1983, kuna utani mchungu ulizunguka sana, watu waliichukua AIDS ya Kiingereza wakaipa maneno yao, Acha Iniue Dogodogo Siachi. Huwezi kulifanya hilo kwenye neno ambalo halionyeshi kuwa limefumwa kwa herufi.

Usahihi. Barua za serikali, sheria, ripoti, mihuri, huko kote herufi kubwa ndo kawaida na hakuna mtu atakurudishia kazi kwa kuandika BAKITA. Ni njia salama.

Ndani ya sentensi. Hapa inasumbua. Mwanachama wa CCM utamwandika mwanaCCM, mwana-CCM au mwana CCM? Nimechapa zote tatu na wateja wote waliridhika. Kistari ndo naona kinasaidia macho. Pia kwenye bango lililoandikwa lote kwa herufi kubwa njia hii inakufa kabisa, kwa sababu KURA YAFUNGA BARABARA imeturudisha palepale pa uchaguzi. Mabango ya namna hiyo yanataka jina kamili.

Inamfaa nani. Anayeandika kitu cha kuwekwa kwenye faili, na yeyote ambaye kifupisho chake kinafanana na neno la kawaida.

Njia ya pili: herufi ya kwanza tu (Ukimwi, Takukuru, Bakita)

Kusomeka. Tamu. Mstari unatulia, hakuna kinachoruka juu ya vingine. Gazeti la Mwananchi ndo wanavyoandika, Takukuru, Chadema, Tanesco, na wenzao wa nje wanafanya hivyo pia, BBC wanaandika Nato na Nasa. Kanuni yao ni rahisi, kikitamkika kama neno kipe herufi kubwa moja kama jina lolote, kikisomwa herufi mojamoja kiache kikubwa chote. Ndo maana ukurasa mmoja unakuta Takukuru na TRA na hakuna kosa, hawajasahau, wanafuata kanuni. Wateja wangu wengi hapa wanadhani gazeti limekosea.

Maana. Herufi kubwa moja mbele ya neno ina nguvu kuliko tunavyodhani. Sisi tunaishi nayo kila siku, nimeona moshi na nimeona Moshi ni safari mbili tofauti, kuna tanga la jahazi na kuna Tanga, kuna mara mbili na kuna mkoa wa Mara, kuna mungu wa kuchonga na kuna Mungu. Kwa hiyo "amekamatwa na Takukuru" haina utata wowote. Na kuna mahali njia hii inakupa tofauti ambayo herufi kubwa zote hazikupi. TAZARA ni shirika la reli ya Tanzania na Zambia, ila Dar es Salaam mtu akimwambia konda nishushe Tazara hasemi shirika, anasema eneo, yale makutano, hata baada ya daraja la juu kufunguliwa 2018 na kupewa jina la Mfugale watu bado wanashuka Tazara. Mimi shirika naliandika TAZARA na kituo nakiandika Tazara na msomaji ananielewa bila maelezo.

Lakini mwanzo wa sentensi inakuangusha. Neno lolote pale linapata herufi kubwa, kwa hiyo "Taa imetangaza zabuni" haina msaada wowote, huoni ni ipi. Kwa Takukuru haina neno kwa sababu hakuna takukuru nyingine duniani. Ndo maana nasema kabla hujachagua njia hii jiulize kwanza kama kifupisho chako kina pacha kwenye Kiswahili.

Usahihi. Gazetini na kwenye makala safi sana. Ofisini inategemea anayepokea, wapo wanaoona umeishusha hadhi taasisi yao, yaani wanahesabu herufi kubwa kama vyeo. Kwenye majina ya magonjwa mimi hii njia inanipa shida kidogo na nitasema wazi kwa nini. Hatuandiki Malaria katikati ya sentensi, hatuandiki Kipindupindu, hatuandiki Kifua kikuu. Sasa Ukimwi amepewa herufi kubwa kwa heshima gani? Ama ni kifupisho, basi ziwe kubwa zote, ama ni jina la ugonjwa kama mengine, basi ziwe ndogo. Lakini najua waandishi wazuri wengi wanaiandika hivyo na sitamfuta mtu.

Ndani ya sentensi. Viambishi vinakaa vizuri kiasi, Wanachadema ukiandika inasomeka bila shida.

Inamfaa nani. Mwandishi wa habari, mwenye ukurasa wa makala, anayeandika hadithi ndefu yenye taasisi nyingi ndani yake na hataki ukurasa uwe na makelele.

Njia ya tatu: herufi ndogo zote (ukimwi, vikoba, rada)

Hii ndo inadharauliwa na mimi naomba isidharauliwe, kwa sababu neno likifika hapa maana yake limeshakuwa la watu.

Kusomeka. Halionekani hata kidogo kama kifupisho, unapita kama unavyopita kwenye neno meza. Nani anakumbuka kwamba rada ilianza kama kifupisho cha Kiingereza, cha jeshi la wanamaji la Marekani, 1940? Leza nayo ilianza kama kifupisho cha Kiingereza. Na kwetu kuna chajio, chakula cha jioni kilichokunjwa, hakuna mtu aliyewahi kuiandika CHAJIO isipokuwa kwenye ubao wa mgahawa.

Ndani ya sentensi. Hili nalitanguliza kabla ya maana kwa sababu ndo utamu wa njia hii. Chukua VICOBA, kifupisho cha Kiingereza cha zile benki za jamii za vijijini. Kimeingia kwa herufi kubwa, na C yake, wenye semina wakakiandika hivyo kwenye vitabu vyao. Akina mama wakakisikia vi- ya mwanzo masikioni mwao wakasema kumbe ni vingi hivi, basi kimoja ni kikoba. Kikoba chetu, vikoba vyao, leo nina kikoba siji. Hakuna aliyewafundisha, sarufi yenyewe ilikuwa ndani yao, na ukiangalia kikoba ni neno la zamani pia, mkoba mdogo wa kutilia fedha, yaani limekaa mahali pake kama lililokuwa linasubiriwa. Sasa huwezi kuandika KICOBA. Ukishapata umoja na wingi kwa viambishi vya Kiswahili herufi kubwa zinakuwa nguo iliyombana mtu.

Maana. Hatari ni ileile ya mapacha, na hapa ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna alama yoyote. "Ameajiriwa taa" haisomeki. Kwa hiyo njia hii ni ya neno lililokua tayari, taasisi hai yenye ofisi na mkurugenzi usiiandike hivi.

Ila kuna maana nyingine ambayo sikuijua mpaka mteja aliponionyesha. Alikuja mama mmoja wa makamo na risala ya kikundi chao cha watu wanaoishi na VVU. Nimechapa, kila palipo na ugonjwa nimeweka UKIMWI kwa herufi kubwa maana nilishazoea. Akasoma kwenye kioo akaniambia mwanangu, hilo neno lipunguzie sauti, karatasi nzima ndo linaonekana hilo peke yake, mimi nataka waone majina yetu na mashamba yetu. Nikashusha yote, ukimwi, na kweli ukurasa ukabadilika. Akanirekebisha na lingine, sehemu mbili nilikuwa nimeandika watu wenye ukimwi, akasema hapana baba, sisi tuna VVU na tunameza dawa zetu, ukimwi hatujafika. Hizo si njia mbili za kuandika kitu kimoja, VVU ni virusi na ukimwi ni hali ambayo virusi vikiachwa bila dawa vinaweza kumfikisha mtu. Nikamwambia samahani mama. Toka siku ile nikiona neno hilo nasimama kwanza.

Usahihi. Kwa rada, leza, chajio, kikoba, hakuna swali, ni nomino za kawaida. Kwa ukimwi bado watu wanabishana na kwenye karatasi rasmi utaikuta mara nyingi UKIMWI, hata tume yenyewe ndo inavyojiandika, Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Jina la tume usiliguse. Korona ilipokuja tuliyaona haya yakitokea mbele ya macho yetu, kwenye barua iliandikwa UVIKO-19 na mtaani ikaandikwa korona, herufi ndogo toka siku ya kwanza, watu hawakusubiri.

Inamfaa nani. Anayeandika kama anavyoongea, hadithi, risala, ujumbe wa simu, na yeyote anayeandika kuhusu ugonjwa na mbele yake kuna watu wanaoishi nao.

Sasa wewe uandike ipi

Kama ni barua kwenda ofisi yoyote, fomu, katiba ya kikundi au zabuni, weka herufi kubwa zote na mara ya kwanza andika jina kamili kisha kifupisho kwenye mabano. Na hapa nakusihi umbo liwe moja toka juu mpaka chini. Niliwahi kuchapa katiba ya kikundi fulani ambacho jina lake ni kifupisho, ukurasa wa kwanza ni herufi kubwa zote, ndani nikaacha kama walivyoandika wenyewe, kubwa moja, muhuri wao nao ulikuwa na umbo la tatu. Ofisi moja ikairudisha ikisema hawana uhakika kama ni kikundi kimoja. Mwenyekiti alipanda gari mara mbili kwa ajili ya herufi, na zile za ndani nilizipitisha mimi nikiziona. Siku hizi namuuliza mtu kabla sijaanza, muhuri wenu umeandikwaje, akaunti ya benki imeandikwaje, ndo nafuata hiyo.

Kama unaandika habari au makala, njia ya pili, ila taasisi zenye pacha kama KURA, KAA, TAA na TIA ziache kubwa zote hata kama nyingine umezishusha. Huo si uzembe wa kutofuata kanuni, unamlinda msomaji.

Mwanafunzi kwenye mtihani, angalia swali limeandikwaje na ufuate hivyohivyo. Kama swali halijakitaja, kubwa zote.

Bango la herufi kubwa tupu, au fomu iliyoandikwa juu jaza kwa herufi kubwa, hapo huna cha kuchagua, jina kamili ndo litakusaidia.

Ujumbe wa WhatsApp wa familia andika unavyotaka, wanakujua. Ila wa kikundi chenye watu mia mbili kuhusu fedha au tarehe ya kwenda ofisi fulani, kifupisho cha ofisi kiweke kwa herufi kubwa, maana pale mtu anasoma anatembea, na "njooni na nida", yaani kitambulisho cha taifa cha NIDA, nimeona mzee wa watu anauliza nida ndo nani.

Na kama unaandika kuhusu kikoba chenu, andika kikoba. Kwenye jina la usajili pekee ndo ufuate cheti kinavyosema.